Darasani Njoo na Kitambaa Kilichochoka

Kabla hujanunua mkasi, mwanangu, kafue kitambaa. Najua mmeshajiandikisha darasa la mfarishi kule Upanga, na kila anayekuja kunisalimia, akishamaliza shikamoo, anataka nimwambie anunue cherehani gani. Cherehani mtaikuta hukohuko. Kitambaa ndicho mnachotoka nacho nyumbani, na kitenge kipya kutoka dukani kina wanga, kina rangi ambayo haijaamua kama inakaa au inaondoka, na kikikutana na maji kinarudi kadiri kinavyotaka chenyewe. Dada mmoja alikuja na kitenge chekundu ambacho hakijaona maji, akakiunga na kanzu nyeupe ya mumewe iliyochanika. Alishona masika yote. Siku ya kwanza aliyoufua, mfarishi mzima ukageuka rangi ya juisi ya rozela. Akatuambia ndivyo alivyokusudia, na sisi tukakubali kwa sababu siku hiyo alikuwa ametuletea maandazi.

Kwa msioujua, mfarishi una tabaka tatu. Juu kuna vipande vya nguo vilivyoungwa vikafanya ua au nyota au chochote unachotaka, katikati kuna pamba au blanketi jembamba, chini kuna bitana. Kisha tabaka zote zinashonwa pamoja kwa mishono midogomidogo ya mkono ili pamba isikimbilie pembeni. Vijana siku hizi wanauita duveti ya viraka. Wauite wanavyotaka, mradi mishono iwe midogo.

Mimi nilikuwa fundi cherehani Kariakoo, kibarazani, karibu na Mtaa wa Msimbazi, tangu nilipotoka Lindi nikiwa msichana mpaka magoti yalipoanza kulalamika. Aliyenifundisha ni Fundi Athumani, mzee mwenye sauti ndogo na macho makali. Hakuwa na haraka ya kukagua nguo uliyoshona. Alikuwa anakagua wembe wako wa kufumulia. Akiukuta mpya, unang'aa, anakwambia hujafanya kazi bado, umekimbiza cherehani tu. Mwenzangu mmoja aliwahi kukata mikono ya sare za shule ikatoka ya kushoto yote, kwa kuwa alitandika kitambaa bila kukikunja uso kwa uso. Akaenda mbele akaishona hivyohivyo. Fundi Athumani hakupiga kelele. Alipanga mashati mezani akasema, "Haya, nitafutie shule ya watoto wenye mikono ya kushoto miwili, tuwapelekee." Halafu akavuta kigoda akakaa naye, wakafumua pamoja.

Nawaambia habari hiyo kwa sababu darasani kitu cha kwanza mtakachokionea aibu ni kufumua. Mtaona kipande kimekaa upande, mtakikunja upesi mkitie kwenye mfuko, mkafumulie nyumbani msikoonekana. Mkifanya hivyo mmeshatupa nusu ya darasa. Ukifumua palepale mezani, jirani yako atauliza kimetokea nini, wa ng'ambo atasema na chake kimefanya hivyohivyo, mwalimu atasogea, na wote mtaondoka mnajua kwa nini kona zinagoma kukutana. Mara nyingi ni ile ziada ya mshono, kitambaa kinachobaki nje ya uzi. Mmoja ameacha upana wa kidole, mwingine nusu kidole, halafu mnashangaa nyota ina mguu mfupi.

Huko Upanga nilipelekwa na Mama Hansa. Alikuwa mama wa Kihindi, mwembamba, mwenye sari za pamba na raba miguuni, na mumewe alikuwa na duka la vitasa na bawaba. Alikuwa anakuja kibarazani kwetu kuchukua mabaki ya vitambaa. Sisi mabaki tulikuwa tunayashindilia kwenye viroba, wanakuja watu wa kujazia mito. Yeye alikuwa anachagua kipande kimoja kimoja, anakinyoosha, kisha anakipitisha taratibu kwenye mdomo wa juu huku amefumba macho. Mara ya kwanza nilifikiri ana jambo lake, nikajitia sijaona. Mwisho nikashindwa.

"Mama, samahani," nikamwambia. "Unakionja?"

"Ndiyo," akasema bila kufumbua macho. "Njoo Jumamosi nikuonjeshe na wewe."

Nilikwenda, na sababu haikuwa udadisi peke yake. Watu walikuwa wanaanza kununua nguo zilizokwisha kushonwa, zinashuka kwenye makontena zimekunjwa tayari, na kibarazani kwetu cherehani zilikuwa zinakaa kimya mpaka adhuhuri. Nikasema kama kuna kazi nyingine ya sindano ninayoiweza, nikaione.

Kumbe sikuiweza. Darasa lilikuwa kwenye chumba kikubwa cha chini cha jengo la ghorofa, feni juu, meza ndefu katikati, meza ya pasi karibu na mlango. Mama Hansa akaninyang'anya cherehani siku hiyohiyo akanipa sindano ya mkono. Nikakaa nashona huku mguu wangu unakanyaga hewa chini ya meza, umezoea pedeli, na wale kina mama wananichungulia wanacheka. Mishono yangu ilikuwa mirefu, ya mtu anayewahi basi. Mama Hansa aliitazama akasema, "Wewe umeshona nguo nyingi za watu wenye haraka." Nilichukia, nikakaza, na mpaka nilipokuwa namsaidia kufundisha bado alikuwa ananikumbusha.

Mtaniambia siku hizi yote yako kwenye simu. Yapo, na mimi nimeyatazama. Simu inakuonyesha mkono wa mtu anayejua. Wako haiuoni, haijui kwamba unakaba sindano mpaka kidole kinakufa ganzi, na haitakupiga kikofi cha begani ikwambie legeza. Tazameni simu nyumbani, kisha mje darasani na swali.

Na mkija, kaeni karibu na meza ya pasi. Wanafunzi wapya hukimbilia dirishani kwenye upepo. Pale kwenye pasi kila mtu lazima apite na kazi yake mkononi, kwa hiyo utaona za wote, utasikia mwalimu anamwambia kila mmoja nini. Pia usimpe mwalimu sindano yako akumalizie. Atashona vizuri, utafurahi, na ukifika nyumbani hutajua kilichotokea. Kwetu alikuwepo Mama Nasra, mama lishe wa Kariakoo, sauti yake inaingia mlangoni kabla yake. Mama Nasra alikuwa mkali wa mapindo. Alikuwa anapinda ukingo wa mfarishi ukalala utadhani umechapwa na mashine. Ukimwomba akusaidie anakataa katakata. "Mie nikupindie, na keshokutwa nikalale kwako nikupindie tena?" Halafu anakaa pembeni yako anakutukana kwa upole mpaka unaweza. Nusu ya mapindo ninayoyajua nimetukaniwa na Mama Nasra.

Sasa nije kwa Tumaini, maana hakuna aliyelitumia lile darasa kama yeye. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kumsaidia Mama Hansa kufundisha.

Tumaini alikuwa binti wa Mbinga, muuzaji kwenye duka la vyombo Kariakoo, mumewe dereva wa lori, muda mwingi yuko njia ya kusini. Alijiandikisha akiwa na mimba, akitaka kuwa na kazi ya kufanyia nyumbani akishajifungua. Alikuwa mcheshi, anashona vibaya, anafumua kwa sauti. Halafu akapotea. Tukaja kusikia amejifungua mimba ikiwa ya miezi saba tu, mtoto njiti, wa kiume, amelazwa pale hospitali kubwa ya jirani, na yeye analala hukohuko pamoja na kina mama wengine wenye njiti.

Jumamosi moja akaingia mlangoni. Amevaa kandambili na khanga, uso umekonda, macho kwenye saa ya ukutani.

"We Tumaini!" Mama Nasra akaruka. "Mtoto je?"

"Yupo," akasema. "Namkamulia maziwa, nesi anamlisha kwa mrija. Zamu ikiisha wanatuambia tutoke tukapunge upepo. Nimekuja kupunga hapa."

Mimi nikamwambia, "Mwanangu, si ungelala kidogo?"

"Nikilala naota, Bi Somoe. Nipeni kazi."

Mama Hansa alimsogezea kiti, akampa vipande na sindano. Tumaini akashona, akatazama saa, akashona, kisha akainuka akakimbia. Ikawa ndiyo desturi yake kila tulipokutana. Watu wa jengo walimzoea, yule binti wa kandambili anayekatiza barabara mbio kuelekea hospitali.

Baada ya muda akatuambia anachotaka. Anataka mfarishi mdogo, wa kumtolea mtoto hospitali. Wodini hawakutaka nguo za nje hovyo, na ni haki yao, ila nesi mmoja alikuwa amemwambia siku mtoto akiruhusiwa atahitaji kufunikwa vizuri, hali amefungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Uwe mwembamba, usimbane, ufulike kwa maji ya moto, usiwe na kifungo wala utepe wa kuning'inia. Mama Hansa akasema darasa zima litaushona.

Mama Nasra akaweka sindano chini. "Mtoto hajatoka, tunamshonea cha kutokea?"

Alisema kwa hofu, msimchukie. Wengi wetu tumelelewa hivyo, hununui hata soksi mpaka mtoto amelia nyumbani. Tumaini akamjibu taratibu, "Mama, mimi kila siku nakaa namwangalia hafanyi chochote, anahema tu. Mikono yangu nayo ifanye nini?" Mama Nasra akakuna kichwa, akaokota sindano yake.

Wiki iliyofuata tukaja kila mmoja na kitambaa chake. Mngetuona! Vitenge vipya, vina nta, vinalia kama karatasi, mwingine amekuja na satini aliyobakiza kwenye harusi ya mdogo wake. Mimi mwenyewe nilikuwa na kipande cha khanga mpya, doti nimeinunua makusudi. Mama Hansa alipitia meza yote, anavipitisha mdomoni kimoja kimoja, anavirudisha kwa wenyewe.

"Hii ya harusi," akasema. "Mtoto hataki harusi. Ngozi yake bado ni karatasi. Leteni vilivyochoka."

Nikaona haya, kwa sababu nilikuwa nalijua hilo. Kwetu Lindi mtoto anapokelewa kwenye khanga kuukuu ya bibi, iliyofuliwa mpaka imekuwa laini. Mama Hansa akatuambia na kwao ni hivyohivyo, shati la kwanza la mtoto linatoka kwenye nguo ya zamani ya mkubwa wa nyumba. Tumeishi mji mmoja miaka yote, mimi nawashonea wao mapazia, na sikuwahi kujua kwamba tunawapokea watoto kwa namna moja.

Hapa pana somo la kazi, lishikeni. Kama mnataka mfarishi unaolalika, acheni dukani, ingieni kabatini kwenu. Shati la mume lililokwisha kola, shuka lililotoboka katikati lakini pembeni zima, khanga ya kuogea. Kipitisheni kwenye mdomo wa juu, maana vidole vyetu vimeota sugu vinatudanganya. Mdomo haudanganyi.

Jumamosi iliyofuata meza ilijaa vitambaa vilivyochoka. Vilikuwa vimepauka, huwezi hata kujua vilikuwa na rangi gani, na vimefuliwa vinanukia sabuni ya mche. Tumaini alikuwepo, anavipitisha mdomoni kimoja kimoja, anacheka kwa mara ya kwanza tangu arudi. Ndipo Bi Hadija akainuka kutoka kwenye kiti chake.

Bi Hadija alikuwa muuza ndoo na mabeseni Kariakoo, mtu mzima, mkimya, anashona kwa mstari ulionyooka kuliko sisi sote. Watoto wake hawakukaa. Alizaa, na kila mmoja akaondoka akiwa bado mchanga, mwisho mumewe akaenda kuoa kwingine. Tulikuwa tunajua, na yeye alijua kwamba tunajua. Mwenzetu akijifungua, tukienda kumwona mtoto, Bi Hadija anakuja na zawadi nzuri, anasimama mlangoni, anatoa hongera, mikono yake ameifumbata nyuma. Hakuna aliyewahi kumwambia asimame pale. Lakini pia hakuna aliyewahi kumwambia ingia.

Akaweka mezani khanga iliyokunjwa. Ilikuwa imekwisha rangi kabisa, maua yamebaki vivuli.

"Hii alifunikwa wa mwisho wangu," akasema. "Nimekuwa nalalia. Naifua, nalalia. Ni laini. Kama hutaki, Tumaini, nirudishie tu, sitakasirika."

Feni ilikuwa inazunguka juu yetu. Halafu Mama Nasra, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, akasema, "Hadija, mwenzangu, nakupenda. Ila hiyo hapana. Mtoto wa watu yuko kwenye mrija."

Mmoja akaitikia, "Kweli jamani." Wote tukamtazama Mama Hansa atuamue. Akavua miwani.

"Sitawadanganya," akasema. "Na kwetu wanasema hivyo. Nguo ya mtoto itoke kwenye nyumba yenye watoto. Mama yangu angekataa."

Mimi niliogopa kama wao. Papo hapo nikamwonea Bi Hadija huruma, na nikakasirika kwamba kafungua moyo wake mbele yetu na sisi tunajadili kana kwamba hayupo. Tumaini alikuwa ameishika ile khanga kwa mikono miwili. Akatazama saa, akaiweka mezani, akasema "narudi," akakimbilia hospitali.

Bi Hadija aliikunja upya akaiweka pembeni yake. Nilifikiri ataondoka. Alikaa, akachukua kipande alichokuwa anakishona, akaendelea, mstari umenyooka vilevile.

Tumaini alikawia siku hiyo. Aliporudi hakukaa.

"Bi Hadija, naomba ile khanga."

"Tumaini, mdogo wangu, fikiri," Mama Nasra akamwambia.

"Nimefikiri, mama. Kile kitanda anacholala mwanangu, kabla yake kililaliwa na mtoto mwingine. Na kabla ya huyo, mwingine. Wapo waliotoka, wapo ambao hawakutoka. Leo asubuhi wa jirani yangu hakuamka." Akaonyesha kidole upande wa hospitali. "Wamekifuta kile kitanda, wamemleta mwingine, na mama yake ameshukuru kupata nafasi. Sijawahi kuuliza cha mwanangu alikuwa anakilalia nani. Sasa nikatae khanga?"

Mama Nasra alikusanya vitu vyake akatoka. Hakugombana, alitoka tu, akifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Mama Hansa akavaa miwani. Alichukua mkasi, lakini hakukata. Akampa Bi Hadija. Bi Hadija akaitandaza khanga, akailainisha kwa kiganja, akauliza, "Ukubwa gani?" Akaonyeshwa. Akakata. Mkasi ulikwenda moja kwa moja, na mimi niliyekata nguo maisha yangu yote nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

Tukabishana iwekwe wapi. Mmoja akataka katikati ya ua, ionekane. Mama Hansa akakataa, akasema hapa hatufanyi mapambo, kilicho laini kuliko vyote kinakaa upande wa ngozi. Kwa hiyo khanga ya Bi Hadija ikawa bitana yote, upande wa chini, unaomgusa mtoto. Vilivyobaki vikaungwa juu. Katikati tukatia shuka la flaneli lililochakaa, tabaka moja tu, kwa sababu ya maneno ya nesi. Kabla ya kushona tulipiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda. Msiiruke bandi, wanangu. Inachosha na mwisho unaitoa, lakini bila bandi tabaka zinatembea, na unakuja kugundua ukiwa umeshamaliza.

Mama Nasra hakuonekana kwa muda. Siku aliyorudi alikuwa na kitambaa cha pindo, amekikata mshazari tayari, shuka la mwanawe Nasra alilolalia utotoni. Akaketi pale karibu na pasi, akasema, "Nani anapinda hapa?" Tumaini akasema anapinda yeye. "Haya shika, na ukikunja vibaya leo nakuchapa kweli." Akaanza kumtukana kama kawaida, tukajua mambo yamekaa sawa.

Mtoto alitolewa mrija. Akaanza kunyonya, akaacha, tukaacha kulala sote, akaanza tena. Tumaini alipoanza kumbeba kifuani muda wake wa kuja ukapungua, akawa anapinda ukingo kidogo anakwenda. Tulikuwa tumehesabu, kwa mwendo ule, kwamba pindo litaisha kabla mtoto hajaruhusiwa.

Hatukupatia. Jumamosi moja mlango ukafunguliwa, Tumaini amesimama na mfuko wake wa wodini begani, na kifuani, ndani ya khanga, kuna kichwa kidogo chenye kofia ya sufu.

"Wameturuhusu," akasema. "Baba yake anakuja na bajaji kutuchukua hapa. Mfarishi uko wapi? Upande mmoja bado."

Vigelegele vilivyopigwa pale, ghorofa ya juu walitoka vibarazani kuchungulia. Mama Hansa alikuwa analia bila kujificha. Kila mtu akataka kusogea, Mama Nasra anatupanga kama yuko mlangoni kwake, nendeni mkanawe mikono kwanza, msimpumulie mtoto. Bi Hadija alikuwa amesimama pale mlangoni, mikono nyuma.

Nikamwambia Tumaini, "Lete nikupindie mimi, dakika moja tu."

"Si umetufundisha tusimpe mtu sindano yetu?" akanijibu. Akakaa, akaifungua khanga taratibu, akamtoa mtoto. Akageuka mlangoni. "Bi Hadija, nishikie nimalize pindo."

Bi Hadija hakusogea. Akatutazama sisi, mmoja mmoja, kama mtu anayeomba njia. Mama Nasra ndiye aliyemvutia kiti. "Kaa. Kanawe kwanza, halafu ukae. Na umshike shingo."

"Najua kushika shingo ya mtoto," Bi Hadija akasema.

Akanawa, akakaa, akapokea. Mikono yake ilijipanga yenyewe, mmoja chini ya kisogo, mmoja chini ya makalio, na yule mtoto akajinyoosha kidogo akalala. Bi Hadija alikuwa anamtazama tu, anahema naye kwa pamoja.

Sisi tukarudi kwenye kazi zetu, tukajitia tumeshughulika. Bajaji ilikuja ikapiga honi nje. Tumaini akamwambia mumewe asubiri, pindo bado. Honi ikapigwa tena. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, na macho yangu bado yalikuwa mazima wakati ule. Pindo lilikuwa limeisha zamani, fundo limefungwa. Tumaini alikuwa ameinamia ukingo, anachoma sindano, anavuta, anachoma, anavuta, na sindano haikuwa na uzi.

Mama Hansa naye aliona, akamtazama Bi Hadija na mtoto. Akachukua birika, akauliza nani anataka chai, na sote tukasema tunataka.